Bi Kidude Hakufa na Miaka 113

Kila ikifika tarehe 17 Aprili simu yangu hujaa picha ileile. Bibi mwembamba, mtandio kichwani, sigara kati ya vidole, na lile tabasamu la mtu anayejua unachotaka kumuuliza na ameshaamua hakujibu. Chini ya picha maelezo nayo ni yaleyale, yamenakiliwa hadi makosa ya herufi: kwamba Bi Kidude, malkia wa taarab, alifariki akiwa na umri wa miaka 113, kwamba alikuwa mwanafunzi wa Siti binti Saad, kwamba aliimba Misri kwa miaka mingi, na wengine humalizia kwamba ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri. Mambo manne kwa pumzi moja. La kwanza haliwezekani, la pili limekatwa mkia, la tatu lina walakini, na la nne ni la mtu mwingine kabisa.

Najua nitakachoambiwa. Muache bibi wa watu apumzike. Miaka mia na tatu, mia na kumi na tatu, inakuhusu nini wewe? Alikuwa mzee, aliimba, basi. Na kuna wale wa "sisi Waafrika hatuna utamaduni wa kuandika tarehe", sentensi ambayo siku hizi imekuwa kama shuka, kila mvivu anajifunikia.

Inanihusu. Kwanza kwa sababu ya kazi. Mimi ni mwandishi wa habari, na katika kazi hii ukikosea jina la diwani au umri wa marehemu, mhariri anakurudishia habari yako na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Sasa mbona kwa diwani tunakuwa wakali hivi, halafu kwa mmoja wa wanamuziki wakubwa kuliko wote waliowahi kutoka kwetu tunaridhika na porojo? Pili inanihusu kwa sababu natoka Sindeni, kati ya Korogwe na Handeni, na kule kwetu nako kuna porojo yake kuhusu jambo hilihili. Nitaifikia.

Tuanze na hesabu. Haihitaji digrii.

Fatuma binti Baraka, ambaye dunia nzima ilimjua kwa jina la utani la Bi Kidude, alifariki Bububu, Unguja, tarehe 17 Aprili 2013. Hilo halina ubishi. Ukimpa miaka 113 unamaanisha alizaliwa mwaka 1900 au hapo hapo. Haya. Sasa watu walewale wanaokwambia 113 wanakwambia pia kwamba alianza kuimba akiwa binti wa miaka kumi hivi, akijifunza kwa Siti binti Saad. Aliyezaliwa 1900 anatimiza miaka kumi mwaka 1910. Mwaka 1910 Siti hakuwa mwimbaji wa taarab. Alikuwa bado shamba, Fumba, mwanamke wa vyungu na kapu, anayeimba njiani ili watu wajue mwenye vyungu anapita. Alihamia mjini mwaka 1911. Kwa hiyo kama unashikilia miaka 113, unatakiwa utueleze huyo mtoto alikuwa anajifunza taarab kwa muuza vyungu ambaye mwenyewe hajajifunza.

Lakini ukiacha ile 113 na kuchukua kinachosemwa na karibu kila simulizi ya maana, kwamba alianza kuimba katika miaka ya 1920, mambo yanakaa sawa yenyewe. Hizo ndizo zama za Siti mwenyewe. Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri za HMV, na waliporudi jina lake lilikuwa limevuka pwani yote. Binti wa miaka kumi katika muongo ule amezaliwa kati ya 1910 na 1919. Anafariki akiwa na miaka tisini na tatu kwa uchache, mia na tatu kwa wingi. Hapo ndipo penye mantiki, na si ajabu watu makini huandika tu kwamba alizaliwa katika miaka ya 1910 na kuacha hapo. Kuandika "miaka ya 1910" si udhaifu. Ndiyo heshima yenyewe: unasema unachoweza kukisimamia.

Kuna hoja moja ambayo wapenzi wa 113 huichomoa wakibanwa, nayo ni rupia. Wanasema bibi alizaliwa enzi za rupia, kwa hiyo ni kabla ya Vita vya Kwanza, kwa hiyo ni mzee wa zamani mno. Hii nimeikuta kwenye magazeti, kwenye mitandao, na hata kwa watu wazima wenye akili zao. Wanachanganya rupia mbili. Huku bara rupia ilikuwa hela ya Mjerumani, na kwa mtu wa Handeni au Korogwe "enzi za rupia" kweli ni zama za Mjerumani, yaani kabla Mwingereza hajaleta shilingi. Lakini Unguja haikuwa chini ya Mjerumani. Unguja ilikuwa na rupia yake, na iliendelea kuitumia mpaka mwanzoni mwa 1936 ndipo ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na senti hamsini. Maana yake mtoto aliyezaliwa Unguja mwaka 1915, au 1920, au hata 1930, naye kazaliwa enzi za rupia. Kumbukumbu ya rupia kutoka mdomoni kwa Mzanzibari inathibitisha jambo moja tu: alizaliwa kabla ya 1936. Wala si zaidi. Anayeichukua rupia ya Unguja akaipigia hesabu ya Tanga ndiye anayemwongezea bibi miaka.

Sasa suala linalonikera kuliko tarehe zenyewe. Kwa nini tunaitaka sana hiyo 113?

Jibu langu: kwa sababu tulimjua Bi Kidude kupitia kamera, na kamera zilimkuta akiwa ameshazeeka. Huyu ni mwimbaji aliyegeuka nyota wa filamu uzeeni. Wazungu wanazo hadithi zao za mwimbaji wa opera aliyeacha jukwaa akawa nyota wa sinema, na huko kawaida hutokea mtu akiwa na miaka ishirini au thelathini, uso bado mbichi. Kwetu ilitokea kinyume. Filamu ya Andy Jones ilitoka 2006. Mwaka mmoja kabla yake, 2005, bibi alikuwa Newcastle, Uingereza, akipokea tuzo ya WOMEX. Kwa hesabu yoyote ile ya maana alikuwa na miaka themanini na kitu au tisini na kitu. Sura ambayo dunia inaijua, mikunjo, sauti ya kukwaruza, sigara, ni ya miaka yake ya mwisho. Bi Kidude wa miaka ishirini na tano, aliyekimbia ndoa na kuzunguka bara, hatunaye kwenye mkanda. Kwa hiyo umri ukawa ndiyo habari. Ukawa tangazo la tamasha. Mwisho ukawa ndiyo kazi yake.

Na hapo ndipo ninaposema tumemdhulumu. Ukimwambia mtu aliyekata tiketi kwamba bibi anayepanda jukwaani ana miaka mia na kitu, amekuja kumshangaa mtu aliyesimama. Akipiga msondo hali amesimama wima, ngoma imefungwa kiunoni, watu wanapiga makofi kwa sababu hajaanguka. Nani anasikiliza mkono unavyotembea? Nani anajiuliza kwa nini mwanamke huyu aliweza kuwa wa taarab, muziki wa kukaa na kutulia, na wakati huohuo akawa wa unyago, ngoma ya wanawake ya kumfunda mwali, isiyotakiwa hata kuonekana na wanaume? Alivyoziunganisha hizo mbili ndipo penye ukubwa wake. Sauti yake haikuwa ile nyororo ya waimbaji wa vikundi vya mjini, ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na ngoma. Hayo yote yanahitaji masikio na muda. Namba 113 haihitaji chochote, unaisoma ukishuka daladala.

Sitaki kumtupia lawama mtengeneza filamu. Mwenye kuangalia vizuri ataona Jones alikuwa mkweli tangu kwenye jina. As Old As My Tongue, mzee kama ulimi wangu: hilo ni jibu la mzaha la mtu asiyetaka kutaja umri wake. Na chini yake ameandika kwa Kiingereza kwamba hii ni hekaya na maisha ya Bi Kidude. Hekaya imetajwa kwanza, maisha yamefuata. Ametuonya mlangoni! Sisi tumeingia, tumekaa, tumetazama filamu inayosema waziwazi kwamba inahusu hekaya, tumetoka na tarehe ya kuzaliwa. Miaka tisa baadaye, 2015, akaja na nyingine, I Shot Bi Kidude, iliyotokana na zile habari za 2012 kwamba bibi ametoweka na hapatikani. Hata hiyo ni filamu ya mtu anayetafuta, si ya mtu aliyepata.

Neno jingine linalonichekesha ni "diva". Mwaka 2007 albamu ya nne katika mfululizo wa Zanzibara, ule wa Ufaransa, ilitoka na nyimbo za Bi Kidude, na jalada likamtambulisha kuwa diva wa muziki wa Zanzibar. Tangu hapo hakuna anayeandika juu yake bila hilo neno, na sasa hata dada zetu wa bongofleva ni madiva. Neno hilo ni la Kitaliano, limetoka kwenye majumba ya opera, na asili yake ni mungu wa kike. Opera inahitaji miungu. Mwimbaji wake lazima awe na hekaya: alizaliwa kwenye dhoruba, aligunduliwa akifua nguo, alifukuzwa na mumewe. Ukishampa mtu jina la diva umeshamfungulia mlango wa kutungiwa. Sisi tuna neno letu, tena tulimpa wenyewe: Bi. Bi ni mtu. Ana baba, na baba wa huyu alikuwa muuza nazi. Ana kijiji, na chake ni Mfagimaringo. Miungu haitoki Mfagimaringo.

Mnaodhani natafuta makosa kwa Bi Kidude tu, mtazameni Mzanzibari mwingine aliyeishia kwenye filamu. Farrokh Bulsara, aliyejulikana baadaye kama Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Siku inajulikana, mwezi unajulikana, mwaka unajulikana. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, mtu wa karatasi. Freddie naye aligusana na opera kwelikweli, aliimba Barcelona pamoja na Montserrat Caballé, sauti kubwa ya opera ya Hispania. Ilipotoka filamu ya Bohemian Rhapsody mwaka 2018, ikamwonyesha akiwaambia wenzake habari ya ugonjwa wake kabla ya tamasha la Live Aid la 1985, mashabiki wa dunia nzima walisimama kupinga: hapana, mpangilio huo si wa kweli, alipimwa baadaye. Walibishana juu ya miaka miwili! Na walikuwa na haki. Sasa mimi nauliza, mtoto wa karani anapiganiwa miaka miwili na binti wa muuza nazi anaongezewa kumi bila mtu kukohoa. Hilo ni suala la utamaduni wa kutoandika, au ni suala la nani tunamwona anastahili kuandikwa vizuri?

Turudi kwenye orodha yetu. Misri.

Zipo simulizi mbili. Moja inasema katika miaka ya 1930 Bi Kidude alikwenda Misri, akaimba huko miaka mingi, akarudi Unguja miaka ya 1940 na kujipatia nyumba yake ndogo ya udongo. Nyingine inasema alikwenda Dar es Salaam, na huko akaimba na kikundi cha taarab cha Kimisri, kisha akarudi Unguja miaka ileile ya 1940 kwenye nyumba ileile ya udongo. Ziweke sambamba. Muongo ni uleule, miaka mingi ni ileile, nyumba ni ileile. Tofauti ni herufi chache: kikundi cha Kimisri, Misri. Nionavyo mimi, hizi si safari mbili, ni sentensi moja iliyopotezwa njiani na watu wa kunakili. Mtu mmoja alifupisha, wa pili akatafsiri kilichofupishwa, wa tatu akakirudisha kwenye Kiswahili, na binti aliyevuka bahari kwenda Dar es Salaam akajikuta Cairo.

Inaweza kuonekana kuwa kumnyima safari ya Misri ni kumpunguzia. Mimi naona kinyume. Cairo ilikuwa kila mahali bila mtu kwenda Cairo. Taarab ya Unguja ilikuwa imeshaingiziwa ala na mitindo ya huko tangu enzi za Sultani Barghash, na baadaye santuri na filamu za Umm Kulthum zilifika mpaka vibarazani. Mwanamke asiyesoma, aliyeacha mume, akashika njia kwenda bara na kukaa Dar es Salaam ya Mwingereza akiishi kwa sauti yake, huyo ameshafanya jambo kubwa kuliko kupanda meli. Tena kafanya bila hekaya kumsaidia.

La santuri ni rahisi na nitalipita haraka. Mwanamke aliyefungua njia ya kurekodi Afrika Mashariki ni Siti binti Saad, 1928, Bombay, pamoja na akina Maalim Shaaban, Budda bin Mwendo, Subeit bin Ambar na Mbaruk Effandi. Si Bi Kidude. Bi Kidude tunayemsikia kwenye CD ni wa miongo ya mwisho ya maisha yake. Kinachowachanganya watu ni kwamba aliimba nyimbo za Siti, na aliziimba kwa namna yake, akizikata na kuzirefusha anavyotaka. "Kijiti" wengi wanaijua kwa sauti ya Bi Kidude, na kwenye YouTube utaikuta imeandikwa ni yake. Ile ni ya Siti, na si wimbo wa mapenzi hata kidogo. Ni kilio cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, muuaji akatoroka. Siti aliimba tukio la mahakamani wakati watu wa kawaida hawakuwa na gazeti. Laura Fair, Mmarekani aliyeandika kitabu kikubwa juu ya Unguja ya miaka ile na kukitoa 2001, amezitumia nyimbo kama hizi kama mtu anavyotumia nyaraka. Kumpa Bi Kidude "Kijiti" ni kama kumpa mwigizaji hati ya nyumba ya mwandishi. Na Bi Kidude mwenyewe hakuhitaji kupewa, maana hakuwahi kumficha Siti, kila mahali alimtaja.

Ndiyo maana nasema hili la "mwanafunzi wa Siti" limekatwa mkia. Mwanafunzi wa namna gani? Simulizi inayosimama ni ya binti aliyekuwa akimsikiliza Siti anapoimba, akizinasa nyimbo kwa sikio. Hakukuwa na darasa, hakukuwa na cheti, wala hatajwi miongoni mwa waliokwenda Bombay. Ukisema "mwanafunzi" msomaji wa leo anaona chuo. Sema "alimsikiliza akazishika nyimbo zake kichwani maisha yake yote", ni ndefu kidogo lakini ni kweli, na ni nzuri zaidi.

Sasa Sindeni.

Kwetu ukikaa kijiweni na ukagusia taarab, hazipiti dakika tano utaambiwa Siti binti Saad ni Mzigua. Wetu kabisa. Nimeshasikia akipewa mpaka ukoo. Na siku hizi, kwa sababu Bi Kidude na Siti wameshakuwa mtu mmoja kwenye vichwa vya watu, nimeanza kusikia hata Bi Kidude akiitwa Mzigua. Kwa huyo wa pili hakuna kitu, tuachane naye. Kwa Siti kuna kitu, na ndiyo sababu kinauma kinavyosemwa ovyo.

Kinachosemwa na wasifu wake ni hiki: alizaliwa Fumba karibu na 1880, baba yake Mnyamwezi kwa asili, mama yake Mzigua wa asili ya Tanga, na wote wawili, baba na mama, walizaliwa Unguja. Someni tena hapo mwisho. Wote wawili walizaliwa Unguja. Maana yake damu ya Uzigua ilivuka bahari kizazi kimoja au viwili kabla ya Siti. Na jina alilopewa mtoto si Siti. Siti, yaani bibi wa heshima, ni jina alilolipata ukubwani, mjini, kwa kuimba. Jina alilopewa na wazazi wake ni Mtumwa.

Jamani, Wazigua walifikaje Unguja katikati ya karne ya kumi na tisa? Walikwenda kutalii Forodhani? Ukame na njaa ya miaka ya 1830 viliitupa Uzigua pwani. Watu walijiuza na kuuza watoto ili wale, wengine walikamatwa tu, wakapakiwa majahazini. Baadhi waliishia Unguja mashambani kwenye karafuu. Wengine walipelekwa mpaka Somalia, bonde la Mto Juba, na huko wakashikilia Kizigua zaidi ya miaka mia na hamsini. Vita vya Somalia vya 1991 vilipowatimua, baadhi yao walikuja moja kwa moja mpaka Handeni, na leo wapo makazi ya Chogo, wilaya yetu hiihii. Kwa hiyo hii si historia ya vitabuni. Ni watu unaoweza kuwaamkia. Utumwa kisheria ulifutwa Unguja mwaka 1897, Siti akiwa na miaka kama kumi na saba.

Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Kwetu tumeigeuza: tunamdai Mtumwa awe wetu na tunaukataa utumwa wake. Tunamtaka Siti mwenye santuri, Siti wa Bombay, Siti ambaye TAMWA waliita jarida lao kwa jina lake. Tunaruka ile jahazi. Ukimwambia mtu kijiweni kwamba njia iliyompeleka bibi yake Siti Unguja inafanana na ile iliyowapeleka watu wa Chogo Somalia, anabadilisha mada anaanza kuongelea bei ya mahindi.

Hapa ndipo ninapoona porojo ya kijiweni na porojo ya 113 ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zinapamba ili zisiulize. Bi Kidude akiwa na miaka 113 na safari ya Cairo, huna haja ya kuuliza kwa nini binti aliozwa mapema hadi akakimbia, au kwa nini hakuna aliyeandika siku aliyozaliwa. Siti akiwa "Mzigua wetu", huna haja ya kuuliza nani alimuuza nani. Na anayeuliza anaonekana mchawi wa sherehe.

Angalau Siti alimpata Shaaban Robert. Mtu wa Tanga, aliyezaliwa Vibambani 1909, alimfuata Siti akiwa mzee, kabla hajafariki Julai 1950, akamwandikia Wasifu. Naupenda ule wasifu na nina ugomvi nao. Shaaban Robert aliandika ili tufundishike, Siti wake ni mwema mno, ana adabu mno, wakati nyimbo zenyewe zinatuonyesha mwanamke mwenye meno. Lakini alikwenda, alikaa, aliuliza, aliandika kwa Kiswahili. Nyamwezi, Zigua, Fumba, vyungu, yote haya tunabishana nayo leo kwa sababu kuna mtu aliyaweka kwenye karatasi. Bi Kidude aliishi mpaka 2013, enzi ya kompyuta na vyuo vikuu kila mkoa, akapata filamu mbili za Mwingereza. Wasifu wa Kiswahili wa kiwango cha Shaaban Robert, wa kukaa naye na kumbana kwa upole tarehe moja baada ya nyingine, hakuupata. Wale wanafunzi wa fasihi wanaoandika kila mwaka tasnifu juu ya dhamira katika riwaya zilezile sita, mlikuwa wapi? Bado wapo Unguja wanawake aliowafunda, wanamuziki aliopiga nao, majirani wa Rahaleo. Umri wao nao unakwenda, na wao hatutawaongezea kumi ili watusubiri.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani na mjadala wa Siti ukazuka tena. Nikasema haya ninayoyasema hapa, la Unguja, la jahazi, la jina. Mzee mmoja, shemeji wa familia, akaniangalia kwa masikitiko kabisa. "Sasa mwanangu, na Siti unatunyang'anya?" Nikamwambia shikamoo tena, mzee wangu, simnyang'anyi mtu. Aliyekuwa Mzigua ni mama yake. Basi tuanze kumwongelea mama yake, alikuwa nani, na watu wake walichukuliwa kutoka kijiji gani. Kijiwe kizima kikanyamaza, halafu mmoja akauliza kama kuna mtu ana chaja ya simu ya pini ndogo.